Zambarau Ni Ipi?

Jumapili, 3 Agosti

Nimefika. Bweni linanuka dawa ya sakafu na soksi za watu walioondoka. Wenye chuo wako likizo, kwa hiyo wiki mbili hizi vitanda vyao ni vyetu — sisi wa sekondari tulioletwa kuonja udaktari kabla hatujaamua kama tunautaka.

Mama amenisindikiza hadi getini. Koti langu jeupe amelishona mwenyewe. Yeye ni fundi cherehani, asingekubali nivae la kuazima. Ila amelishona kubwa, mikono inafika kwenye vidole. Anasema nitakua. Ndani ya wiki mbili?

Ninayelala naye chumba kimoja nimempa jina Kamusi. Hata salamu hatujamaliza alikuwa ameshanitajia mifupa yote ya kiganja. Nikamuuliza choo kiko wapi. Akasema kiko upande ulio mbali zaidi na moyo wa jengo. Nimetokea jikoni.

Jumatatu, 4 Agosti

Hadubini! Yaani, nusu yake. Tunafanya kazi wawili wawili, na mimi nimepangwa na binti mmoja wa miwani ambaye kabla ya kukaa alikagua lenzi, akakagua stuli, akakagua na kucha zangu. Mkaguzi. Jina limejileta lenyewe. Anataka kuwa daktari wa upasuaji. Nilimuuliza akikosa atakuwa nani, akanitazama kama nimemtukana.

Anayetufundisha ni mama wa makamo mwenye sauti ndogo sana. Inabidi sote tunyamaze ndipo asikike, na nadhani anajua. Kazi yake ya kila siku ni kutazama vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa na kusema ni ugonjwa gani. Hapa tunamwita Daktari tu. Ametangaza kwamba Ijumaa ya mwisho kutakuwa na mtihani wa slaidi, na jozi itakayoongoza itabaki siku moja zaidi iingie chumba cha upasuaji kutazama operesheni ya kweli.

Mkaguzi akanigeukia kama mtu aliyekwisha kununua mbuzi na sasa ndiyo anamhesabu meno.

Slaidi ya kwanza. Daktari akasema viini vya seli ni hivyo vya zambarau, vinavyovizunguka ni pinki. Darasa zima likasema aaa. Na mimi nikasema aaa. Nilichoona ni ukungu wenye madoa. Nikafuta lenzi. Ukungu uleule. Labda bado nimechoka na safari.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeua mgonjwa.

Si wa kweli. Fundi wa maabara alitutengenezea mkojo wa uongo, wa chai na sukari na sijui nini kingine, kila meza na chupa yake. Unachovya kijiti chenye vibandiko, vinabadilika rangi, unalinganisha na picha iliyo kwenye kopo. Zamu yangu ya kusoma. Nikasoma kwa sauti ya daktari bingwa kabisa: sukari hakuna, mgonjwa aende nyumbani.

Mkaguzi alichukua kijiti, akakiangalia, akaniangalia. Akauliza kama nimesoma kijiti hiki hiki au cha meza nyingine. Kibandiko kilikuwa kahawia tititi, alisema. Mimi niliona kijani kilekile cha kwenye kopo. Sukari ilikuwa imejaa hadi basi. Kamusi akasimama na kuomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya marehemu. Wote wakasimama. Hata fundi wa maabara alivua kofia.

Nimecheka nao. Ungefanyaje?

Jioni mpira. Timu yetu fulana nyekundu, wale kijani. Nilitoa pasi nzuri sana, zote kwa wale. Wenzangu wameniuliza nimehongwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Daktari aliniambia nibaki baada ya kipindi. Nikajua ni yule marehemu.

Hakunigombeza. Alitoa kitabu chembamba, kila ukurasa una duara la vidoti vidoti vya rangi, akataka nimsomee namba iliyomo. Ukurasa wa kwanza kumi na mbili, wazi kabisa. Wa pili — namba gani? Nikakigeuza kitabu. Nikakisogeza dirishani. Nikacheka, nikidhani ni mtego wa kupima kama tunathubutu kumbishia mwalimu. Yeye hakucheka. Alifungua wa tatu, wa nne, akiningoja kila mara kwa upole, na hicho ndicho kilichonitisha.

Mkaguzi akaingia, amesahau kalamu. Daktari aliniuliza kwanza kama sitajali mwenzangu akisoma. Nikasema asome tu. Akazisoma zote haraka haraka, kama mtu anayesoma namba za milango.

"Wewe huzioni?" akaniuliza. Si kwa dharau. Kama mtu aliyeambiwa mwenzake hasikii muziki.

Basi. Macho yangu yamezaliwa hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani, na ndugu zao wote — kahawia, pinki, zambarau. Si ugonjwa, ni jambo la kuzaliwa, halina dawa, wavulana wengi wanalo na wengine wanazeeka bila kujua. Nikauliza swali moja tu: naweza kuwa daktari? Daktari akasema anao wenzake kazini walio hivyo. Baadhi ya kazi zitakuwa ngumu kwangu kuliko kwa wengine. Kuliko kuficha na kubahatisha, nijifunze kusema "nisaidie kusoma hapa", maana mgonjwa wa kweli haombewi dakika moja halafu watu wakaenda kucheza mpira.

Usiku wa leo nawaza nyuzi. Tangu nikiwa mdogo Mama akisema nipe uzi wa kijani, nampa wa kahawia. Kila mara. Alikuwa ananiuliza nimekosa macho au nimekosa akili. Sote tulikuwa tumekubaliana ni akili.

Ijumaa, 8 Agosti

Chuo kizima kinajua. Nilimwambia Kamusi peke yake, jana kabla ya kulala. Asubuhi aliyenipa chai aliniinulia nyanya na kuuliza, mwanangu, hii imeiva? Matroni naye kanivuta pembeni kuniuliza kanga yake ni rangi gani. Wote wanauliza swali hilohilo na wote wanadhani wao ndio wa kwanza. Kufikia mchana nilikuwa najibu "bluu" kwa kila kitu. Mtu akaninyooshea mkono wake. Bluu. Akaenda kwa matroni kupimwa.

Kamusi ameona nimenuna. Kaomba radhi kwa namna yake: kaziandika soksi zangu zote kwa wino, kila jozi na jina la mfupa. Kwa hiyo kesho navaa paja la kushoto na paja la kulia.

Jambo lenyewe hasa ni Mkaguzi. Nimemwambia aende kwa Daktari akaombe kubadilishwa, asikose operesheni kwa sababu yangu. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nimesema kama mtu mzima. Alikuwa anafuta hadubini. Aliifuta akamaliza.

"Nimeshakuzoea," akasema. "Nikipewa mwingine itabidi nianze kumkagua upya."

Jumapili, 10 Agosti

Jana kipindi kilikuwa cha jeni. Hili langu linatoka kwa mama, na mama mwenyewe mara nyingi analichukua kwa baba yake bila yeye kusumbuka na lolote. Mkaguzi alichora ukoo wangu ubaoni, miraba na miduara, akaweka alama ya kuuliza juu ya Babu, baba yake Mama. Mjomba wangu yuko salama. Mtoto wa kiume halichukui kwa baba yake.

Leo nimepiga simu nyumbani. Mama alisikiliza. Cherehani yake ilikuwa inalia, ikasimama. Akauliza kama linauma. Nikasema hapana. Akasema, "Zile nyuzi, mwanangu," halafu hakumaliza. Nikamwambia mbona hata mimi ningejigombeza.

Nilipofika kwenye habari ya Babu, akamwita papo hapo. Babu anaishi nasi tangu Bibi afariki. Akachukua simu kwa nguvu. Yeye? Yeye anaona rangi zote zilizopo na nyingine ambazo hazijatengenezwa! Mama akamuuliza sweta aliyovaa ni rangi gani. Akasema ni rangi ya sweta. Mama akasema ajibu sawasawa. Akasema kijivu. Nikamsikia Mama anacheka hadi anakohoa — ni ile ya pinki ya dada yangu, kumbe ameivaa tangu majira ya baridi, na wote walidhani anafanya makusudi.

Babu akamwambia Mama kwamba mtoto kapelekwa kusoma, karudisha matusi kwa simu. Akakata.

Baada ya muda Mama akapiga tena, safari hii akiwa nje, sauti chini. Akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia likisimuliwa lote. Babu alikuwa fundi umeme kiwandani. Siku moja aliunganisha nyaya sizo, mashine kubwa ikaungua. Hakuna aliyeumia. Lakini fundi wa miaka yote ile atachanganyaje waya mwekundu na wa kijani? Wakasema alikuwa amelewa. Akafukuzwa. Akaapa hajaonja tone. Tangu hapo akatengeneza baiskeli za watu hadi uzeeni, na ikawa hivyo ndivyo anavyojulikana mtaani: fundi mzuri, pombe ndiyo ilimponza. Bibi mwenyewe alikufa akiamini hivyo.

"Na mimi niliamini," Mama akasema.

Nikasema nitaongea na Daktari.

Jumatatu, 11 Agosti

Daktari amekubali. Jumamosi wazazi wanakuja kufunga mafunzo. Babu akija, atampima kabla ya sherehe, mlango umefungwa, bila watu.

Na kwangu amenipa kazi. Picha za slaidi zilizochapwa nyeusi na nyeupe, bunda zima. Anasema nisahau pinki, nisahau zambarau, nitazame umbo: vimejipangaje, vimebanana au vimeachana, katikati kuna tundu au hakuna. Mkaguzi kahamia kwenye penseli. Ananichorea, mimi nataja. Pafu ni kama wavu uliochanika. Ini ni kama mtaa usio na mipango miji. Figo lina vimpira vya uzi vilivyowekwa ndani ya vikombe. Nikikosea anagonga meza mara moja. Nikipatia hafanyi chochote. Leo meza imepata taabu.

Jumatano, 13 Agosti

Meza inapumua sasa. Bado damu inanishinda — seli nyeupe zile za aina aina, ambazo kutofautiana kwake ni rangi ya chembechembe za ndani. Hapo nasema "nisaidie kusoma hapa", anasoma yeye. Mara ya kwanza kulisema nilikuwa kama naomba chakula kwa jirani. Sasa linatoka tu.

Babu kanipigia! Kwa simu ya jirani, ili Mama asijue. Alianza na mpira, akaja kwenye hali ya hewa, akazunguka weee. Mwisho akauliza: wamekufukuza? Nikasema hapana, Babu. Akauliza kama walicheka. Nikasema sana. Akauliza, halafu? Nikasema halafu wakaniandikia soksi.

Kisha akasema Jumamosi hawezi kuja, goti linamsumbua. Goti la Babu nalifahamu. Lina akili kuliko mimi. Halijawahi kuuma siku ya harusi.

Ijumaa, 15 Agosti

Mtihani umekwisha.

Hadubini zimepangwa ukutani, kila jozi inazunguka, kengele ikilia mnahama. Jibu moja tu kwa kila slaidi, linaandikwa na mtu mmoja. Tulikubaliana mwandishi ni Mkaguzi. Tulienda vizuri. Kwenye damu nilimwachia, kwenye pafu akaniachia. Kamusi na mwenzake walikuwa mbele yetu, tunamsikia akinong'ona majina marefu kuliko slaidi zenyewe.

Ya mwisho ikawa mbaya. Slaidi ya zamani, rangi imepauka. Watu wote waliotutangulia walikuwa wanatoka pale wakitikisa vichwa. Mkaguzi alitazama muda mrefu. Akasema ni tezi ya shingoni: miduara mingi, ndani imejaa kitu kimoja laini. Nikatazama. Miduara, ndiyo. Lakini ndani hapakuwa laini. Niliona nyuzi zimeviringwa, na kandokando nafasi nyembamba kama ya kikombe. Nikasema figo.

Akatazama tena. Tezi. Nikatazama tena. Figo. Hakuna aliyepandisha sauti. Nikamwambia operesheni ni yake, aandike anachoona yeye. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kengele ikaanza kulia.

Akaandika figo.

Tumetoka nje hatusemeshani. Si ugomvi. Ni kama watu waliobeba sinia la mayai pamoja, kila mmoja anaogopa kupiga chafya. Chakula cha jioni aliniuliza kitu kimoja tu: nilikuwa na hakika? Nikasema nilikuwa na hakika na nilichokiona. Akafikiri, akasema hilo si jibu la swali lake. Akanimegea mkate wake.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nje ya ofisi ya Daktari. Koti limepigwa pasi. Mikono bado mirefu.

Wamekuja. Mama na gauni lake la kutokea — na Babu! Suti, tai, viatu vinang'aa. Nikamuuliza goti. Akasema goti gani? Mama kaninong'oneza kwamba jana usiku hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba yeye, binti yake, ana neno la kumwomba msamaha, ila anataka kwanza awe na hakika msamaha wenyewe ni wa nini. Asubuhi Babu akakutwa mlangoni ameshavaa.

Daktari alimpokea kwa shikamoo, kwa heshima zote. Akamwambia ni mtihani mdogo, wa kukaa. Babu akasema yeye mitihani haimtishi. Akageuka kwetu, akaamuru tubaki nje. Mlango ukafungwa, lakini ni wa mbao nyembamba, na korido hii imenyamaza kama Daktari anafundisha.

Tunasikia kurasa.

Wa kwanza kapatia, kumi na mbili, kasema kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio. Wa pili kasema ishirini na tisa. Wa tatu sabini. Wa nne mia moja na nne. Mama kaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa. Sijui zimeandikwa namba gani humo, mimi ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa, lakini Mkaguzi alipozisoma siku ile, mia na nne haikuwamo. Anabuni! Mama kafunika mdomo kwa kitambaa, mabega yanamtikisika. Nilidhani anacheka. Anacheka, ndiyo. Na machozi yanamshuka.

Kule mwisho wa korido mlango wa ukumbi umefunguka. Mkaguzi kasimama hapo, ananipungia mkono, njoo, njoo. Wameanza kusoma matokeo. Nyuma yake namsikia mtu anataja majina kwenye kipaza sauti. Nimemwonyesha mlango wa Daktari, nimemwonyesha Mama. Ametazama mlango, akamtazama Mama, akanitazama mimi — ukaguzi kamili. Kisha badala ya kurudi ndani kaja. Amekaa upande wa pili wa Mama, mikono magotini. Jina lake likiitwa hatalisikia.

Ndani kurasa zimeacha kugeuzwa.

Daktari kasema jambo kwa ile sauti yake ndogo, hatukulipata. Kiti kimelia. Mama kanishika mkono wa kushoto, naandika kwa huu mmoja, daftari liko gotini.

Sasa ni Babu anayeongea. Si ile sauti ya kuita mahudhurio. Sijawahi kumsikia hivi, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Daktari, nikuulize. Mtu aliyezaliwa na macho haya — anaweza kukosea waya hali hajanywa?"

Mama kasimama. Mkono wake uko kwenye kitasa.